Kicheko Kilichotoka Nyumbani Kwetu

Kabla sijaona uso wa mtu yeyote katika mchezo ule, nilisikia watu wakicheka. Walikuwa wengi, wanaume kwa wanawake. Walicheka kwa pamoja kama waumini wanaoitikia amina, kisha wakanyamaza kwa pamoja. Nilikuwa na miaka saba hivi. Nilisimama na dumu langu la maji nje ya ukuta wa mbao wa chumba cha video, hapa mtaani kwetu Mudzipela, huku Ituri, nikijiuliza ni sherehe gani inafanyika mchana wa siku ya kazi. Miaka ile ya vita watu wazima wa mtaani kwetu hawakucheka namna hiyo. Walicheka kwa pua, haraka, halafu wakaangalia barabarani.

Siku nilipofaulu kuingia, nilikuta watu kama kumi na watano kwenye mabenchi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akicheka. Kicheko kilitoka ndani ya televisheni. Nilizunguka nyuma yake kuwatafuta hao wenye furaha, nikakuta nyaya na vumbi, na mwenye chumba akanivuta kwa sikio hadi benchi la mbele.

Ulikuwa mchezo wa zamani wa Wazungu, uliotiwa sauti za Kifaransa. Wanaume wawili wanaishi katika nyumba moja ya ghorofa. Mmoja ni karani wa posta, mpenda kimya, anayepiga pasi hata soksi. Mwingine anapiga akodiani, analala mchana kutwa na kuacha maganda ya machungwa kwenye kochi. Kila kipindi wanagombana, na kila kipindi kinaisha wamekaa bega kwa bega kwenye kochi lilelile.

Sisi hatukusikia Kifaransa chao. Kila chumba cha video kilikuwa na mkalimani wake, mtu aliyesimama kando ya televisheni na kipaza sauti akiyageuza maneno kuwa Kiswahili chetu. Wa kwetu alikuwa mwanamume mwembamba mwenye koti la kijani, ambaye Kifaransa chake kiliishia kwenye salamu. Yaliyobaki aliyatoa kichwani. Katika tafsiri yake, mpiga akodiani alikuwa amekimbia vita kijijini, na karani ndiye aliyempokea.

"Munaona huyu?" alisema. "Alikimbia na akodiani tu. Hata sufuria hakubeba."

Mabenchi yakaitikia kwa sauti ya chini: ee, ni vile.

Karani alipofoka juu ya maganda, mkalimani alishusha sauti. "Anamwambia, ulisema utakaa mwezi moja. Sasa ni miaka mbili."

Hapo ndipo wale watu wa ndani ya televisheni walipopasuka kwa kicheko. Kwenye mabenchi hakuna aliyecheka. Wenyeji na wageni wao waliokuwa wamekimbia walikaa wamebanana, kila mtu akiangalia miguu yake.

Mwanamke niliyekuja kuishi naye miaka mingi baadaye aliutazama mchezo huohuo upande wa pili wa mji, kwa mkalimani mwingine. Tuligundua hilo juma la kwanza tulipokodi pamoja, na tukagombana papo hapo.

"Balikuwa bakimbizi," nilimwambia.

"Bakimbizi ya wapi? Balikuwa bashemeji. Mwenye kupiga pasi alioa dada ya mwenye akodiani, dada akakufa, nyumba ikabaki ya bote mbili."

"Dada gani? Kuna siku ulimuona?"

"Utamuona namna gani? Nimekuambia alikufa."

Hivyo ndivyo tulivyozoeana. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, zamu ya mchana, nami nilimtania kwa jina la Direktrisi, yaani mwalimu mkuu. Watu wa kwao wako Ituri tangu zamani, wana ng'ombe na mashamba. Wa kwetu walikuja kutoka Butembo na marobota ya nguo na magunia ya maharage, wakafungua maduka. Watu wa kwao na wa kwetu wameuziana ng'ombe na nguo kwa miaka, wamesali kanisa moja, wamebatiziana watoto. Ila habari mbaya zikija, kila upande hurudi kwenye benchi lake. Sisi wanawake wawili tulikuwa tumechoka na mabenchi. Tulipata chumba na sebule katika parseli, kiwanja chenye nyumba tatu na lango moja. Mwenye nyumba alikuwa mjane aliyeishi nyumba ya mbele, na wapangaji wote tulimwita Mama Bayeri, yaani mama mwenye nyumba.

Tulikuwa hatufanani kwa lolote. Yeye aliamka kabla ya kengele ya kanisa, akakunja blanketi lake kona nne, akafagia mpaka chini ya kitanda changu, akiinua viatu vyangu kwa vidole viwili kama mtu anayeinua panya. Mimi niliandika usiku na kulala asubuhi, na vyombo vyangu vilinisubiri.

"Hii sahani ilikulwa lini?" aliuliza.

"Jana."

"Jana ya juma hii?"

"Madame Direktrisi, niacheni. Niko naandika."

"Uko naandika, na sahani iko naota ndevu. Kesho itatuambia bonjur."

Nikitoka Kasenyi, kule ziwani, nilileta samaki wakavu, nikawatundika juu ya dirisha. Alilalamika kwamba kwao hata ng'ombe hulala nje. Nikamwuliza kuhusu kibuyu chake cha maziwa yaliyooza, akasema hayaozi, yanakomaa. "Weye ndiyo haukomai," alisema.

Maziwa yale yaliletwa na mdogo wake wa kiume. Alikuja mara moja kila baada ya majuma mawili kutoka kijijini, amefunga dumu la manjano kwa kamba ya mpira kwenye pikipiki. Alikaa mlangoni, hakupenda kuingia na viatu vyenye samadi, na kila mara aliniuliza kitabu ninachoandika kimefika wapi.

"Yaya, unitie mule ndani," alisema, akiniita dada kama alivyomwita yeye. "Lakini unitie na ngombe mingi. Usinitie na tatu, bantu batanicheka."

Nilimwahidi ng'ombe arobaini. Aliomba hamsini.

Sasa nifike kwenye ile Alhamisi.

Tuna mduara wetu wa waandishi, watu tisa tunaokutana Jumamosi katika chumba cha katekesi. Safari ile tulikubaliana kila mmoja alete kurasa chache kuhusu kitu kilichomchekesha utotoni. Niliuchagua mchezo wa karani na mpiga akodiani. Nilimpata mtu mmoja wa kuchaji simu na kunakili filamu ambaye alikuwa nao wote, akanijazia flashi, na Alhamisi mchana, mwenzangu alipokuwa shuleni, nilishusha pazia ili mwanga usipige kioo cha kompyuta, nikaanza.

Sasa nakielewa Kifaransa. Hakuna aliyekimbia. Hakuna dada aliyekufa. Wale wawili walikutana kwa tangazo la gazeti. Mahali ambapo mkalimani wetu alisema "ulisema utakaa mwezi moja", karani anauliza nani amekula jibini lake. Nilirudisha sehemu ile mara tatu. Nilihisi kama mtu aliyerudi kwenye nyumba aliyozaliwa akaikuta ni ndogo. Kumbe huzuni yote ile tuliileta wenyewe, kwenye mabenchi, na yule mwanamume wa koti la kijani aliipokea kwetu akaiweka kwenye midomo ya Wazungu.

Saa tisa na nusu mvua ilianza. Kwenye mabati, mvua yetu haikuachii nafasi ya kusikia hata mawazo yako. Nilichukua spika ya mwenzangu, aliyoitumia kwa mazoezi ya kwaya, nikaunganisha, nikaongeza sauti, nikaongeza tena, mpaka ikafika mwisho. Hata hivyo nilisikia nusu tu. Nikachemsha mahindi, nikaendelea. Katika kipindi cha nne karani anajifungia chooni na akodiani, na mimi nilicheka. Sitaki kulificha hilo. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, na machozi yakanitoka.

Wakati huohuo watu walikuwa wakiingia langoni.

Huku kwetu mtu hapigiwi simu kuambiwa kifo cha ndugu yake. Walio karibu hujulishana chini kwa chini, wanakuja nyumbani kwa mwenye msiba, wanakaa. Yeye anapotoka kazini anakuta mabenchi yamejaa, na anajua. Hapo mkubwa wa familia ndiye hutamka jina. Ni namna ya kumpokea mtu, ili habari isimkute peke yake barabarani. Baba mdogo wa mwenzangu, anayeishi mjini, alikuwa amepata habari saa sita. Aliwajulisha ndugu na Mama Bayeri. Walikuja chini ya mvua, shangazi, binamu, wanakwaya, wakakaa kwenye kibaraza cha Mama Bayeri na chini ya ukingo wa paa letu, mita mbili kutoka kitandani kwangu. Mama Bayeri aligonga mlango wangu mara mbili. Sikusikia.

Kisha mvua ikakata, ghafla, kama bomba lililofungwa.

Spika haikukata. Kicheko cha watu mia kikatoka ndani ya nyumba yetu, kikajaa uani.

Safari hii Mama Bayeri aligonga kwa ngumi. "Mutoto, zima ile kintu. Toka inje."

Nilizima. Nilitoka na hindi mkononi, tabasamu la mchezo bado liko mdomoni. Niliona wanawake wenye vitenge vilivyolowa. Nilifikiri ni kikundi cha sala cha Mama Bayeri.

"Bamama, karibuni," nilisema. "Mvua imewapiga."

Ndipo nikaona kwamba hakuna hata mmoja aliyeleta Biblia, na kwamba watatu kati yao walikuwa shangazi za mwenzangu. Nikalificha hindi nyuma ya mgongo.

Baba mdogo alisimama. Ni mtu wa kuongea taratibu, alikuwa mtumishi wa serikali kabla ya kustaafu, na hata siku ile hakupandisha sauti.

"Mule ndani muko bangapi?"

"Niko peke yangu, Papa."

"Siye tumesikia bantu mingi. Na banaume."

"Ni mashini, Papa. Ni mchezo ya televizyo. Banacheka mule ndani ya mchezo."

"Banacheka juu ya nini?"

Nilisema, "Juu ya jibini."

Shangazi mmoja akageuza uso, akatema mate kando. Mama Bayeri alininong'oneza sikioni, maneno mawili tu: mdogo wake. Yule wa dumu la manjano, wa ng'ombe hamsini. Nilitaka kukaa chini, lakini baba mdogo alikuwa amevua kofia na kushika kitasa.

"Nionyeshe."

Aliingia. Alitazama nyuma ya pazia linalotenga vitanda. Aliinama, mzee yule, mkono mmoja kwenye goti, akaangalia chini ya kitanda changu, kisha chini ya kile kilichotandikwa vizuri. Wanawake wawili walichungulia mlangoni. Alisimama mbele ya kompyuta, ambayo kioo chake kilikuwa kimelala.

"Sasa fungua," alisema. "Nisikie."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kupunguza sauti kwanza. Lakini nilikuwa nimeshikwa na jambo moja tu, kwamba wajue sikuwa na watu, kwamba sikuwa nimewacheka. Nilibonyeza. Spika ilikuwa palepale nilipoiacha, mwisho kabisa. Kicheko kikapasuka upya, kirefu, na juu yake nikasikia mnyororo wa lango.

Mwenzangu aliingia na viatu mkononi, miguu ina matope mpaka kwenye vifundo, mfuko wa madaftari kichwani chini ya plastiki. Alikuwa anatabasamu. Alisema kwa sauti, kutoka langoni:

"Aa, umeanza bila miye?"

Halafu akaona mabenchi. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni mwake kama mgeni ambaye hajaelewa kwamba anaombwa atoke.

Nilizima. Baba mdogo alitoka akampita kila mtu, akasimama mbele yake.

"Ni mama?" mwenzangu aliuliza.

"Hapana."

"Ni papa?"

"Papa yako iko."

Akashusha madaftari kutoka kichwani, akayaweka juu ya jiwe, mahali pakavu. Alikuwa bado mtu wa kuweka vitu mahali pake.

"Ni mudogo wako," alisema baba mdogo. "Ni jana, ku barabara. Na ngombe balibeba yote."

Alikaa kwenye matope. Wanawake walipiga ukunga, wakamzunguka, na mimi nilibaki mlangoni na hindi langu. Kulikuwa na watu wengi kati yetu, na nilipojaribu kupita, migongo haikufunguka.

Walimchukua jioni ileile kwenda kwa baba mdogo, mtaa mwingine, ambako matanga yalikaliwa. Hakukuwa na jeneza. Mdogo wake alizikwa palepale alipookotwa, na waliomzika hawakukawia kuondoka, kwa hofu ya waliomuua. Siku ya pili nilikodi pikipiki, nikapeleka kuni na gunia dogo la unga wa muhogo, kama jirani yeyote anavyofanya. Niliyaacha langoni kwa waliokuwa wakipokea, nikaingia jikoni, nikashika kisu nianze kukata sombe, yale majani ya muhogo. Mwanamke mmoja alinitoa kisu mkononi kwa upole mkubwa.

"Acha, mama. Utachoka."

Nikaenda kwenye maji. Ndoo ilikuwa tayari na mtu. Nikakaa ukingoni mwa mkeka, na mkeka ukahama, polepole, hadi nikawa nimekaa chini. Nilisikia habari zangu zikisimuliwa upande wa pili wa moto.

"Mule ndani balikuwa tano."

"Sita. Na bia."

"Bia uliona?"

"Bantu sita banacheka vile, batakunywa chai?"

Nilipotoka, gunia langu lilikuwa bado langoni. Manyunyu yalikuwa yamelipata, unga umeanza kuganda kwenye pembe.

Kwetu hapakuwa bora. Mama yangu mkubwa, mwenye duka la vitenge, alisema nisirudi kule, kwamba watu wale hawasahau, na kwamba tangu mwanzo alinionya nitafute mwenzangu wa nyumba kati ya wetu. Aliyasema huku akipima kitambaa kwa mkono, dhiraa baada ya dhiraa, kama mtu ambaye jambo limekwisha kuamuliwa bila yeye. Kurasa za Jumamosi sikuzipeleka kwenye mduara.

Mama Bayeri ndiye aliyeniletea neno. Ndugu walikuwa wamesema binti yao hawezi kulala chini ya paa moja na mtu aliyecheka msiba wao. Mwenzangu mwenyewe alikuwa amewajibu kwamba ataamua matanga yakiisha. Siku zile zote nilitaka kitu kimoja tu, arudi. Niliosha kila chombo. Nilimpelekea jirani samaki wote. Nilikunja blanketi langu kona nne, likatoka kona tano, nikalikunja tena. Madaftari ya wanafunzi wake niliyaondoa kwenye jiwe nikayapanga mezani, nikayakausha moja moja mbele ya jiko, na katika moja nilikuta ameandika kwa kalamu nyekundu: andika vizuri, unaweza.

Alirudi asubuhi ya siku ya kumi. Nilisikia pikipiki ikisimama nje na dereva akiambiwa angoje. Alikuwa amenyoa nywele, na alikuwa na mfuko mkubwa, mtupu. Nilipouona ule mfuko nilijua, lakini mtu hujua na bado anatandika meza. Nilimwekea chai.

Alikaa kitandani kwake. Aliiangalia sebule, vyombo, dirisha lisilo na samaki.

"Nani alikuja kufagia?"

"Miye."

"Unadanganya."

"Miye, Direktrisi."

Karibu atabasamu. Nikaona anavyolizuia tabasamu, kama mtu anayezuia mlango kwa bega.

"Nionyeshe ile mchezo," alisema.

Nilikataa. Akasema tena. Nilifungua kompyuta bila spika, sauti ikiwa chini kiasi cha kulazimu tuiname. Karani, akodiani, maganda. Alitazama kwa makini, kama anavyosahihisha hesabu.

"Ni bashemeji ao ni bakimbizi?"

"Ni bantu tu. Balikutana kwa tangazo."

"Basi siye bote tulidanganywa."

"Ndiyo."

Kicheko kikaja, chembamba, kama cha wadudu kwenye kopo. Aliinua kidole. "Ni hapa?"

"Ni hapa."

"Rudisha."

Nilirudisha. Akasikiliza mara tatu, macho yamefumbwa. Kisha akafunga kompyuta mwenyewe.

"Nilimwambia baba mudogo," alisema. "Nilimwambia, ile kicheko miye naijua tangu mutoto, ni ya mchezo, hakukuwa mutu. Alisikia. Yeye si mutu mubaya. Alisema, kama unataka kubaki, ubaki, miye nitasema na bashangazi."

"Basi ubaki."

Alianza kukunja nguo zake kitandani, ingawa zilikuwa zimekunjwa.

"Siku ile, mbali kule ku barabara, nilisikia," alisema. "Nilikuwa nimechoka, watoto walinisumbua, mvua ilinipiga. Nikasikia ile kicheko, nikasema, amepata ule mchezo. Nikavua viatu nikakimbia. Unaelewa? Nilikimbia. Mudogo wangu iko anaoza ku barabara, na miye nakuja nakimbia, meno inje."

"Haukujua."

"Weye pia haukujua. Banasema weye ulicheka. Hakuna mutu anasema miye nilicheka. Lakini baliniona bote, na miye najua."

"Itapita."

"Sasa hivi, nimefungua lango, nimefurahi. Mwili ilifurahi mbele ya miye kukumbuka. Nimefika nyumbani, imesema. Kila siku itakuwa vile. Kila siku nitaingia na furaha, halafu nitakumbuka. Siwezi."

Kazi yangu ni maneno, na nilikuwa na mengi, na hakuna hata moja lililokuwa na mahali pa kukaa. Nilisema mambo ya kijinga. Nilisema tungeweza kuhama, tutafute nyumba nyingine, lango lingine. Nilisema ningelala mimi upande wa mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama anavyomsikiliza mzazi anayemwombea mtoto aliyekwisha kushindwa mtihani.

"Unaenda kwa baba mudogo?" niliuliza.

"Ku mama. Iko peke yake na papa ni mugonjwa. Kuna mbili ya ngombe balirudi penyewe, hakuna mutu wa kuzikamua."

"Kwa ile barabara?"

"Kuko ingine?"

"Na shule?"

"Nimeandika barua." Alisogeza madaftari makavu upande wangu. "Utayapeleka. Umwambie mukubwa wa shule, ule mutoto mwenye daftari ya kifuniko ya bluu asimuache arudi nyuma. Iko na akili, ni uvivu tu. Kama weye."

Alifunga mfuko. Blanketi halikuingia, akalifunga kwa nje na kamba. Nilichukua upande mmoja wa mzigo kumsaidia kuutia mgongoni, na kwa muda tulikuwa karibu kabisa, nikasikia harufu ya moshi wa matanga kwenye kitenge chake. Nilimwomba anipigie simu akifika. Alisema mtandao kule huja na kwenda. Nilimwomba anisamehe. Alisema hana kitu cha kunisamehe, na nikatambua kwamba ningependa sana awe nacho, kwa sababu kosa la kusamehewa lina mwisho.

"Ukule," alisema. "Umekonda."

Nje, dereva aliwasha pikipiki. Mwenzangu alipita mlangoni kwa ubavu kwa sababu ya mzigo, akatafuta kizingiti kwa mguu bila kuangalia nyuma. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kamba, kwa hiyo aliusukuma mlango kwa kisigino, na mlango ukafungika.